Rangi ya Plagi

Kwako mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja,

Nakusalimu, na kabla sijakujulia hali nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, tena uifikishe mwisho hata ukitamani kuichana katikati. U mzima? Kile kikohozi chako cha alfajiri kimekuacha? Dereva wa lori la maji ndiye aliyetuletea habari kwamba umepata kazi kwenye kituo cha pampu, kwamba umekonda, na kwamba umefuga ndevu. Kukonda tuliamini. Ndevu tulimwambia amekufananisha na mtu mwingine, maana ukoo wetu unajulikana kwa videvu vitupu. Simu zetu hupokei, wala silaumu, ndiyo maana nimeona nije kwa njia ya karatasi.

Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba tunakula, tunalala na tunaamka. Mkeo hajambo. Bado anapika chakula cha watu watatu nyumba ikiwa na watu wawili, akiulizwa anasema mkono umezoea. Shemeji yako naye, yaani mke wangu, miguu inamsumbua lakini mdomo hausumbuki hata kidogo. Binti yako hajambo, nitafika kwake. Karakana ipo. Kazi zinazokuja siku hizi ni jenereta, pampu za bustani na mashine za kukata majani, na mimi nazipokea zote, sichagui. Ajuza, ile pikipiki yetu ya maji, bado yuko palepale ukutani chini ya turubai. Hakuna aliyemgusa tangu siku zile.

Nataka nikusimulie mambo ambayo mengi unayajua, na unisamehe. Nikianzia mwisho nitakimbia, najijua.

Unakumbuka tulivyompata. Ile hoteli ya kando ya bwawa ilikuwa imefungwa, vitu vyake vinauzwa, na nyuma ya jiko, chini ya rundo la viti vilivyovunjika, tukaikuta pikipiki ya maji ya zamani, ile aina isiyo na kiti, ambayo mwendeshaji husimama wima akishika mpini. Mimi nikasema hicho ni chuma chakavu. Wewe ukaingiza mkono kwa nyuma, ukasukuma pangaboi kwa kidole, likazunguka, ukasema mgonjwa anapumua. Tulipoifikisha karakana binti yako akapanda ikiwa bado juu ya matofali, akapinda magoti, akafanya kama anakata kona. Mama yake alitutazama sote watatu akasema tumerogwa, na aliyeturoga amefanya kazi nzuri. Jina la Ajuza alilitoa yeye.

Miaka mitatu binti yako alimwendesha Ajuza kama alivyo. Ndipo wenye mashindano walipoanzisha daraja la injini kuukuu, na sheria ikaruhusu kubadilisha ndani chochote, mradi ganda la injini liwe lilelile la kiwandani. Hapo ndipo mimi na wewe tulipopata wazimu. Nilipanua matundu ya silinda kwa jiwe la kusagia, kidogo kidogo, nikayalainisha kwa msasa mpaka kidole kikawa kinateleza. Tulimpelekea fundi wa kukereza kichwa cha silinda akipunguze unene ili mgandamizo uongezeke. Tukafunga kabureta mbili kubwa, na bomba la moshi lenye tumbo ambalo ulilichomelea mara nne kabla hujaridhika. Siku ya kufunga kichwa uliweka kipande cha risasi ya kulehemu juu ya pistoni, ukazungusha injini kwa mkono, ukaitoa risasi, ukapima jinsi ilivyobanwa. Ukarudia mara tatu. Vipimo vyote uliviandika ukutani kwa chaki, na bado vipo, kwa sababu nimemkataza kila mtu kupiga rangi ukuta ule.

Pampu ya oili tuliing'oa, maana ikigoma katikati ya mbio injini inakufa nayo. Kuanzia hapo oili ikawa inachanganywa na petroli kwenye dumu, kwa mkono, na kazi hiyo ilikuwa yako. Ulikuwa unapimia chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari ubavuni. Mafundi wenzetu walikuwa wanapita wakikuuliza mtoto amelala au ameamka, nawe unawajibu kwamba ameshiba kuliko wa kwao. Unamimina, unatikisa, unaandika saa juu ya dumu. Sijawahi kuona mtu mwenye mikono mikubwa kama yako akishika kitu kwa upole namna ile.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma plagi. Watu walikuja kutoka mbali kwa sababu ya hilo, nami nilijua, na kichwa kilivimba. Injini inapigwa moto wote, inazimwa ghafla, plagi inafunguliwa, na unaitazama ile kaure yake nyeupe inayozunguka ncha. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa ya kahawia, kama ganda la karanga, kila kitu kiko sawa. Ikibaki nyeupe, petroli ni haba, injini inaungua ndani kwa ndani, na hiyo ndiyo hatari, kwa sababu injini inayoungua huwa inakwenda kasi tamu kabla ya kufa. Miaka miwili ya mwisho nilikuwa nikikupa wewe plagi mkononi na kukuuliza unaona rangi gani. Unaitaja, nami natikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Uliwahi kumwambia mkeo kwamba kaka ananirithisha kazi. Mkeo aliniambia, na nilijisikia vibaya, ila sikusema kitu.

Siku ya mashindano unaijua. Bwawa lilikuwa limetulia, maboya mekundu yamepangwa, watu wamejaa kwenye ukuta wa zege. Mbio za kwanza binti yako alimaliza wa pili, nyuma ya yule kijana wa fundi tuliyembandika jina la Kipimo, kwa kuwa hafungi hata nati bila kipimo mkononi. Tofauti yao ilikuwa urefu wa mkono. Binti yako alipanda ufukweni akitetemeka kwa furaha, akaniambia Baba Mkubwa, nipe kidogo tu, kidogo tu kwenye ule mnyooko wa mwisho. Wewe uliondoka na dumu kwenda kuchanganya petroli ya mbio za pili kwenye kivuli cha gari, mbali na watu wanaovuta sigara.

Mbio za pili alikuwa anaongoza. Mzunguko wa nne, katikati ya mnyooko, injini ilikwama. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ajuza akasimama, binti yako akarushwa juu ya mpini, na aliyekuwa nyuma yake hakuwa na nafasi ya kukwepa. Mkono wa kulia ulivunjika juu ya kiwiko na kwenye kifundo. Wewe ndiye uliyeingia majini na viatu.

Jioni ile, yeye akiwa hospitali na mama yake, tulirudi karakana kwa sababu hukuweza kukaa kwenye benchi la hospitali bila kujua. Nilifungua kichwa cha silinda wewe ukiwa umesimama mlangoni, hutaki kusogea. Ukaniuliza, Kaka, ni oili? Nikakujibu, ni oili.

Maneno hayo mawili ndiyo uliyoondoka nayo. Kesho yake ulisimama mbele ya mkeo ukamwambia kwamba ulikosea kupima, kwamba kwa haraka ile ulisahau chupa ya pili ya oili. Hukusahau, lakini ulikuwa umeshaamini kuwa umesahau. Mkeo alikasirika wiki mbili, kisha hasira ikamwisha, akawa anasubiri uongee. Hukuongea. Ulikuwa unakwenda hospitali unasimama nje ya dirisha la wodi, unarudi. Binti yako alipotolewa na mkono ukiwa kwenye plasta, wewe ulikuwa umeshafunga begi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wewe ulimlea wa mtu mwingine.

Sasa nikuambie usiyoyajua.

Macho yangu yalianza kuharibika miaka miwili kabla ya siku ile. Si giza. Ni ukungu, na rangi zikaanza kunidanganya. Nilipokuwa nakuuliza unaona rangi gani, nilikuwa sikufundishi. Nilikuwa siioni. Nilikuwa naazima macho yako na kukulipa kwa kukufanya ujione mwanafunzi. Nilifikiri, fundi wa plagi asiyeona rangi, nani atampa kazi? Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo kwa wengine. Kwangu mimi niliona bado nina muda.

Ulipokwenda kuchanganya petroli, nilipunguza jeti. Kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli kwenye kabureta nilikitoa, nikaweka kidogo zaidi, namba moja chini, ili injini ivute kwa ukali ule aliouomba. Sikukuambia, maana nilijua ungetaka kupima upya. Binti yako akazunguka maboya mara moja kwa moto wote, akazima, nikafungua plagi. Nilikugeukia kwa mazoea, nawe hukuwapo. Aliyekuwapo ni Kipimo, amesimama mikono nyuma, anatazama. Ningeweza kumpa yeye. Ningeweza kumpa mtu yeyote mwenye macho. Badala yake niliiinua juani kama bingwa na kutangaza kwa sauti kwamba ni kahawia safi kama ganda la karanga. Kipimo akaniambia kwa adabu kabisa, fundi, itazame tena. Mimi nikamcheka. Nikamwambia amezoea vipimo mpaka hajui kutumia macho. Watu wakacheka pamoja nami.

Ilikuwa nyeupe, mdogo wangu. Mwezi uliopita daktari wa macho aliniwekea karatasi mbele akaniuliza ni ya rangi gani, nikamjibu ni ya chai yenye maziwa mengi. Muuguzi aliyekuwa pembeni akanisahihisha. Ile karatasi ilikuwa nyeupe pe. Daktari akanieleza kwamba mtoto wa jicho hufanya hivyo, huweka utando wa manjano mbele ya kila kitu, na mwenyewe hajui kwa kuwa unakuja polepole. Nilimsikiliza, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye bwawa.

Ila usidhani nilijua juzi kwa daktari. Hapo ningekuwa na kisingizio. Nilijua jioni ileile. Nilipofungua kichwa cha silinda, macho hayakunisaidia, nikapitisha kidole juu ya pistoni. Injini iliyokosa oili hukwaruzika ubavuni pande zote. Ubavu wa pistoni ile ulikuwa laini, umelowa oili yako. Juu yake ndipo palipokuwa pameliwa, pana tundu ninaloweza kuzamisha ncha ya kidole. Hiyo ni petroli haba, na kila fundi anajua. Wewe mwenyewe ungejua kama ungesogea hatua tatu. Hukusogea, ukauliza kutokea mlangoni, na mimi nikiwa na kidole kwenye lile tundu nikakuambia ni oili. Kisha nikaifunika pistoni kwa kitambaa, na asubuhi nikaitupa mahali usingeiona.

Kwa nini? Nimejiuliza mwaka mzima. Niliogopa jina langu litazama. Niliogopa mkeo. Na nikajidanganya kwamba wewe ni baba yake, baba husamehewa haraka kuliko baba mkubwa. Nilijua nitakuambia kesho, kesho ikawa wiki, na ulipofunga begi nikasema acha apumue, atarudi nimwambie. Nimevaa miwani ya mbao mwaka mzima, naamkiana na mkeo kila asubuhi.

Kilichonivunja ni dereva wa lori. Alitusimulia, tena akicheka, kwamba pale kituoni hutaki kugusa dumu. Kwamba ikifika zamu ya kuweka oili kwenye injini ya pampu unamwita mwenzako, na akikataa unamfanyia zamu nzima ya usiku ili mradi yeye ndiye amimine. Wengine walicheka. Mimi nilitoka nje. Mtu ambaye hakukosea tone hata moja maisha yake yote anaogopa dumu, na aliyemtia woga huo ni mimi, nimekaa kivulini naitwa bingwa.

Basi chukua neno hili, ulishike kwa mikono miwili. Oili yako ilikuwa sawa. Petroli yako ilikuwa sawa. Hukumvunja mwanao mkono. Nimemvunja mimi, kwa kiburi, na kisha nikakupa wewe uubebe. Nimemwendea Kipimo karakana kwake nikamwambia mbele ya mafundi wake. Mkeo nilimwambia jana, nikamwomba asimwambie binti yenu kabla yangu. Alisimama akaondoa sufuria jikoni, akaliweka tena. Wateja nitakaowapoteza nimeshaanza kuwapoteza, na sitaki uwahesabu.

Sasa nikwambie habari ya barua hii yenyewe. Macho yangu hayafuati tena mstari wa karatasi. Wiki ijayo nitapasuliwa jicho la kulia, la kushoto daktari amesema tumechelewa. Mwandiko huu hutaujua, ndiyo maana nakuambia: anayeandika ni binti yako, kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia unashika kikombe, unafunga kifungo, lakini kwenye kazi yake ya kusuka nywele vidole havikazi msuko, na msusi asiyekaza msuko anaachwa na wateja wake mmoja mmoja. Aliamua kuufundisha wa kushoto kuandika wakati akisubiri wa kulia upate nguvu. Nilimwomba yeye aniandikie, si mke wangu wala mtu baki. Yeye ndiye aliyestahili kusikia yote kutoka kwangu, na nilijua nikimwambia uso kwa uso bila karatasi nitapunguza.

Alipofika pale niliposema kwamba ilikuwa nyeupe, aliendelea kuandika. Alipofika kwenye kidole na pistoni aliweka kalamu chini. Alitoka. Nilisikia bomba la uani likifunguliwa, maji yakatiririka muda mrefu. Niliposikia tena sauti yake alikuwa ameshakaa kitini. Aliniuliza jambo moja tu: jioni ile, Baba alipouliza kama ni oili, kidole kilikuwa kimeshaingia kwenye tundu au bado? Nikamwambia kilikuwa kimeshaingia. Kisha akachukua kalamu akaniambia nirudie ile sentensi, hakuwa ameimaliza.

Nilitaka kukuomba msamaha hapa. Amenizuia. Amesema msamaha wako nikauombe kwa mdomo wangu mbele yako, na wake yeye ataona wakati wake, nisimharakishe, na asije mtu mzima yeyote kumwekea kikao. Nimemkubalia. Amesema pia kuna jambo langu ambalo sikulisema vizuri, na anataka liandikwe namna yake, nami nalitamka kama alivyolitamka:

Anasema nimekuandikia kana kwamba sasa unaweza kurudi kwa sababu umeonekana huna kosa. Yeye hakuwahi kukungoja uwe huna kosa. Pale wodini, akiamini kabisa kwamba wewe ndiye uliyesahau chupa ya pili, alikuwa anamwomba muuguzi ageuze kitanda kielekee dirishani ili akuone umesimama nje, na alikuwa anangoja uingie. Alikuwa ameshakusamehe oili kabla plasta haijakauka. Mkono wake ameuharibu Baba Mkubwa, hilo amelisikia leo. Lakini aliyeondoka ni wewe, na hilo halina jeti wala plagi.

Alipokuwa akiliandika nilisikia kalamu inavyokwaruza.

Mke wangu anakusalimu, anasema ndevu uzinyoe kabla ya kuvuka kizingiti. Mkeo nilipomuuliza kama ana salamu alisema mwambie chakula cha watu watatu bado kinapikwa. Jirani mwenye mashine ya kukereza anakuulizia kila Jumamosi. Lori la maji linarudi huku kila baada ya siku nne, na dereva amesema kiti cha mbele ni chako siku yoyote utakayosimama barabarani. Kama kikohozi bado kipo, kunywa maji ya moto na usilale chini kwenye sakafu ya zege. Mungu akuweke.

Ni mimi kaka yako mkubwa, niliyekudhulumu.

Baba, mwandishi ni mimi. Nimeandika kila alichosema na sikumpunguzia. Ya dirisha ni yangu, na ni kweli. Ukija, ingia ndani.